Baa za kona za Brazili: zipi zinalipa, zipi zinachuna

Mtu wa Mtwara akifika Brazili, awe amekwenda kusoma au kufuatilia mambo ya korosho, usiku wa kwanza wenyeji wake watampeleka Lapa, Rio de Janeiro. Tuseme mapema: Lapa si pa kuanzia. Zile nyumba kubwa za samba zilizo karibu na matao ya mfereji wa kale zina muziki mzuri, lakini kuna kiingilio, kuna foleni, na kinywaji kilekile mtaa wa pili ni nafuu. Usiku wa Brazili uko kwenye baa ya kona, boteco, na ubora wa baa hizo unapishana sana mji kwa mji.

Kipimo tumekiazima kwao wenyewe. Mwaka 2000 Belo Horizonte walianzisha shindano la Comida di Buteco, ambalo baadaye lilisambaa miji mingi. Wateja na majaji hutoa alama kwa mambo manne: kitafunwa, huduma, ubaridi wa kinywaji na usafi. Muziki haumo, mapambo hayamo. Kwa kipimo hicho Rio inashuka na Belo Horizonte inapanda.

Tuanze na bia, maana hapo ndipo mgeni hukosea kwanza. Kwetu Mtwara, kuanzia Rahaleo hadi Shangani, kila mtu na chupa yake. Kule chupa ya mililita 600 huwekwa katikati ya meza ndani ya kivalio cha plastiki kinachotunza baridi, na kila mtu hupewa kiglasi kidogo cha mililita 190, copo americano, kilichobuniwa mwaka 1947 na kiwanda cha Nadir Figueiredo cha São Paulo. Udogo wake una kazi: bia inaisha kabla haijapata moto. Unammiminia mwenzio kwanza, ndipo unajimiminia. Anayeagiza chupa nzima akaikumbatia peke yake anaonekana hana watu.

Wanapenda bia ikaribie kuganda. Chupa nzuri hutoka kwenye friji ikiwa na ukungu mweupe wa barafu, na mhudumu mzoefu huishika shingoni, hatikisi, na huifungua taratibu. Sababu ni kwamba bia hiyo imeshapita kiwango cha kuganda bila kuganda. Ukiigonga mezani inageuka theluji papo hapo, povu linapanda mpaka mdomoni, gesi inatoka, na kinachobaki ni maji machungu. Ikitokea kabla hujaigusa, rudisha chupa, watabadilisha bila ubishi. Ikitokea mkononi mwako, umeinunua.

Bia ya bomba, chopp, ni habari nyingine. Rio huja kwenye glasi ya mililita 300 hivi, au ndogo yake wanayoiita garotinho, na juu ina povu la vidole viwili au vitatu. Mgeni hulalamika kuwa ameibiwa. Hajaibiwa: povu ndilo linalozuia gesi kutoka na joto kuingia. Usiyelitaka sema “sem colarinho”, utajaziwa, na dakika tano baadaye utajua kwa nini wenyewe hawafanyi hivyo. Angalizo: kwenye baadhi ya baa mhudumu huleta nyingine kila glasi inapokwisha, bila kuuliza, na kuchora mstari kwenye kibao cha kadibodi kilicho mezani. Ukitosheka funika glasi kwa kibao hicho au useme. Na uhesabu mistari mwenyewe.

Caipirinha inaharibiwa na haraka. Kanuni ya serikali yao ya mwaka 2003 inasema ni cachaça, ndimu na sukari, na kilevi kiwe kati ya asilimia 15 na 36. Cachaça yenyewe ni ya asilimia 38 hadi 48 na hutokana na juisi ya miwa iliyochachushwa na kukenekwa. Kwa glasi moja inatosha mililita 60, ndimu moja, na vijiko vya chai viwili hadi vinne vya sukari nyeupe. Ndimu hukatwa ncha zote mbili, hupasuliwa kwa urefu, kisha ule uzi mweupe wa katikati hutolewa kwa kisu. Ukibaki, uchungu umeanza. Vipande na sukari hubonyezwa kwa mchi wa mti mara tano au sita, vya kutosha kutoa maji na mafuta ya ganda. Anayetwanga kama anatwanga kisamvu huchana ganda lenyewe, na uchungu wake haufukuziki kwa sukari. Barafu ijae glasi, ndipo pombe imiminwe, na inywewe mara moja, kwa sababu ganda linaendelea kutoa uchungu likiwa limelala humo. Ukiona mtu wa kaunta anamimina maji ya ndimu kutoka kwenye chupa, agiza bia.

(Ukiijaribu nyumbani kwa Konyagi utapata kinywaji, ila si caipirinha. Na ndimu zetu ndogo zenye mbegu ni kali kuliko zile kubwa wanazotumia kule, kwa hiyo usibane sukari.)

Sasa Belo Horizonte. Mji hauna bahari, na wenyewe hutania kwamba ndiyo maana wana baa. Pa kwenda kwanza ni Mercado Central, soko lililoanza mwaka 1929, tena mchana, si usiku. Jumamosi kabla ya saa sita ndiyo wakati wenyewe. Baa zimepangana kwenye vijia vya soko, hakuna viti, watu wanasimama bega kwa bega na viglasi mkononi. Agiza fígado com jiló. Jiló ni nyanya chungu, zile zile ngogwe za sokoni kwetu, na fígado ni maini ya ng’ombe. Maini hukatwa membamba, hutupwa kwenye bati la moto pamoja na kitunguu, na nyanya chungu hukatwa visahani na kukaangwa hapohapo. Yaliyopikwa vizuri yana wekundu kidogo ndani. Yakikaa juu ya bati dakika mbili za ziada yanakuwa ngozi ya kiatu, na hilo hutokea soko likijaa kupita kiasi. Tazama pia rangi ya nyanya chungu: ya kijani ndiyo, iliyoanza kuwa rangi ya chungwa huwa chungu zaidi. Kitafunwa, huduma, baridi: vyote juu. Usafi wa sakafu saa saba mchana, tusiseme.

Usiku hamia Santa Tereza au jengo la zamani la Maletta katikati ya mji, ambako baa zinatazamana kwenye roshani ya ghorofa ya juu. Hakuna haja ya kuvaa sana.

Salvador ndipo mtu wa Pwani atakapohisi yuko karibu na kwao, na tumboni kuliko popote. Mtaa wa Rio Vermelho usiku una mama waliovaa mavazi meupe wakikaanga acarajé, bajia za kunde zinazopikwa kwa mafuta ya mawese. Kunde huloweshwa, humenywa maganda, husagwa na kitunguu, kisha unga wake hupigwa mwiko mpaka uvimbe kwa hewa. Bajia ikipasuliwa ukakuta katikati imeshikana kama ugali, mwiko ulipigwa kidogo. Ikinyonya mafuta, mafuta hayakuwa na moto. Ndani huwekwa vatapá, rojo la mkate, uduvi na karanga au korosho. Mama atakuuliza “quente ou frio?” Hakuulizi moto wala baridi, anauliza pilipili. Ukisema quente kwa kujiamini kwamba kwetu pia tunakula pilipili, agiza na maji. Kazi ya mama hawa ilitambuliwa mwaka 2005 kuwa urithi wa taifa, na bia unainunua baa ya jirani huku umekaa na bajia yako, hakuna anayekufukuza.

Kule Pelourinho, mji mkongwe, kuna O Cravinho, baa inayouza cachaça iliyolowekwa karafuu ikatiwa asali na ndimu. Inashuka kirahisi mno. Kiglasi kimoja ni burudani, cha tatu ni ugomvi na ngazi za mawe za mji ule. Jumanne ndiyo siku ya Pelourinho. Siku nyingine mitaa ikipungua watu rudi Rio Vermelho.

Kaskazini zaidi, Recife na Olinda wana caldinho, supu nzito ya maharage kwenye kikombe kidogo, ambayo huletwa pamoja na kinywaji na kulitengeneza tumbo. Fortaleza wana Alhamisi ya kaa: kaa mzima aliyechemshwa, kibao, na nyundo ndogo ya mti. Vunja ganda la mguu kwa pigo moja fupi. Ukipiga kwa hasira vipande vya gamba vinaingia kwenye nyama na jirani anapata mchuzi wa shati. Jumatatu, ambayo mahali pengine ni siku ya kulala, Pirata Bar ya pale Praia de Iracema hujaa.

Hapo Ceará, jimbo ulipo mji wa Fortaleza, na majirani zake Rio Grande do Norte na Piauí, ndipo mtu wa Newala au Tandahimba atakapokasirika. Mkorosho kwao ndiko ulikotoka. Wareno ndio waliouleta pwani yetu. Sisi tunaokota korosho, mabibo mengi yanaozea shambani, na kidogo kinachobaki ni uraka. Wao bibo wanalikata vipande, wananyunyiza chumvi na kulitafuna kati ya mafunda mawili ya cachaça. Kisha kuna cajuína, kinywaji kisicho na kilevi hata kidogo, fahari ya Piauí, kilichotambuliwa kuwa urithi wa taifa mwaka 2014. Asiyekunywa pombe akikaa nayo baa hakuna anayemshangaa, na kwa maoni yetu ndicho kinywaji bora cha ukanda ule.

Kutengenezwa kwake kunastahili kuangaliwa na mwenye shamba. Mabibo hukamuliwa siku hiyohiyo yalipookotwa. Juisi mbichi inakwaruza koo kwa sababu ya tanini, basi hutiwa jelatini kidogo kidogo huku ikikorogwa, tanini inashikana nayo na kuganda kama maziwa yaliyokatika. Huchujwa kwa kitambaa kizito, mara ya kwanza na ya pili, mpaka iwe angavu kabisa. Hapo hutiwa kwenye chupa za kioo, hufungwa, na chupa huchemshwa ndani ya sufuria la maji mpaka sukari ya bibo yenyewe ibadilike rangi kuwa ya asali. Ikibaki na ukungu, jelatini ilikuwa pungufu au kitambaa kilikuwa chepesi; ikichacha chupani, moto haukutosha. Hakuna sukari inayoongezwa wala maji. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimekuwa kikifundisha usindikaji wa mabibo kwa miaka, kwa hiyo maarifa si ya mbali.

São Paulo tutaipita haraka. Ni mji wa kula zaidi ya kunywa, Vila Madalena ina baa nzuri na bei zake, na Bar Brahma iliyofunguliwa mwaka 1948 kwenye kona ya barabara za Ipiranga na São João inafaa kwa chopp moja na picha. Baa isiyo na kuta za kuzuia sauti inatakiwa ifunge saa saba usiku, kwa hiyo viti vikianza kukunjwa si chuki. Jambo zito la mji huo ni hili: Septemba na Oktoba 2025 watu waliugua na wengine wakafa kwa pombe kali bandia iliyotiwa methanoli. Anayejua habari za gongo anaelewa. Baa usiyoijua kunywa bia, au pombe kali inayofunguliwa mbele yako. Macho yakianza kuona ukungu kesho yake, hiyo si hangova, ni hospitali, na ni sasa hivi.

Rio nayo haikosi mazuri yake, ila si yanayotangazwa. Jumatatu usiku Pedra do Sal kuna samba ya wazi, bure, juu ya jiwe lililochongwa ngazi. Mvua ikinyesha hakuna kitu. Bip Bip ya Copacabana, ya tangu mwaka 1968, ni chumba kimoja: bia unajitolea mwenyewe kwenye friji na kutaja ulichochukua, na wimbo ukiisha hupigi makofi, unaalisha vidole, kwa sababu ghorofani wamelala watu. Ukipiga makofi utanyamazishwa na baa nzima.

Bili. Mahali pengi utapewa comanda, kadi au karatasi ya kuandikia unachoagiza, na hutoki mlangoni bila kuionyesha imelipwa. Itie mfuko wa mbele ulio na zipu. Ukiipoteza watataka faini, ambayo mashirika ya kutetea walaji yanaipinga, lakini saa nane usiku mlinzi hana habari nayo. Asilimia 10 ya huduma huandikwa chini ya bili na kisheria ni hiari. Lipa kama umehudumiwa. Couvert artístico ni ada ya muziki kwa kichwa, uliza kabla ya kukaa. Wenyeji hulipa kwa Pix, mfumo wa simu ulioanza Novemba 2020, ambao mgeni asiye na namba ya mlipakodi ya kule haupati kirahisi, basi kadi. Soma kiasi kwenye kioo cha mashine kabla hujagusisha kadi, na mashine yenye kioo kilichopasuka ikatae. Glasi usiiache mezani ukienda msalani. Kutilia watu dawa ya usingizi ni wizi unaojulikana na una jina lake.

Saa za Rio ziko nyuma ya zetu kwa saa sita kamili, kwa hiyo akrabu ya ukutani ikiwa kwenye 8 za usiku wao, Mtwara ni saa nane za usiku. Ukitaka kupiga simu nyumbani, piga kabla hujatoka kwenda baa.

Kurudi, tumia teksi ya simu. Sheria yao ya mwaka 2008 haimruhusu dereva kilevi chochote, vizuizi vya polisi huwekwa usiku kwenye barabara za kutokea kwenye baa, na aliyekodi gari huliacha hapohapo.