Boti ya Singapuri hadi Batam: tathmini ya safari ya kwenda na kurudi

Kutoka gati la HarbourFront, kusini mwa Singapuri, hadi gati la Batam Centre katika kisiwa cha Batam, Indonesia, ni mwendo wa takribani saa moja kwa boti ya mwendo kasi. Tuling'oa nanga saa nne kamili asubuhi, na kwa kuwa saa za Batam ziko nyuma ya saa za Singapuri kwa saa moja, tulipoingia katika ukumbi wa uhamiaji upande wa pili tulikuta saa ya ukutani nayo ikionyesha saa nne na dakika chache. Saa hiyo inayopatikana asubuhi hurudishwa jioni, na msafiri asiyeiweka katika hesabu zake, hasa mwenye ndege ya kuunganisha usiku uleule, anaweza kuharibikiwa na mipango yote.

Boti yenyewe naisifu bila kusita. Viti vilikuwa safi, mizigo mikubwa ilipangwa vizuri na kufungwa, na kabla hatujatoka bandarini tulionyeshwa namna ya kuvaa jaketi la kuokolea maisha na milango ya kutokea wakati wa hatari. Kilichonigusa zaidi ni jinsi mabaharia walivyosimama pande zote mbili za daraja la kupandia na kumshika mkono kila mzee na kila mama mwenye mtoto, ingawa maji yalikuwa yametulia na wangeweza kuwaacha watu wapite wenyewe. Ndani kuna kiyoyozi chenye baridi kali, kwa hiyo sweta linahitajika. Lakini kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti, palikuwa na sehemu ya wazi, na huko ndiko ningemshauri kila mtu akae.

Ninasema hivyo kwa sababu mlango-bahari wa Singapuri ni miongoni mwa njia za meli zenye msongamano mkubwa kuliko zote duniani, na ni nadra abiria wa kawaida kupata nafasi ya kuukata katikati akiwa karibu kiasi hiki na meli za makontena na za mafuta. Humo baharini kuna njia mbili zilizotengwa kama barabara: meli ziendazo magharibi hupita upande wa kaskazini, karibu na Singapuri, na ziendazo mashariki hupita kusini, upande wa Indonesia. Boti ya abiria inapaswa kuzikata njia hizo kwa pembe iliyo karibu na mraba, ili imalize kuvuka mapema na ili manahodha wa meli kubwa waielewe nia yake. Aliyekaa ndani huhisi tu kwamba boti imegeuka au imepunguza mwendo. Aliyekaa kwenye tezi huona kwamba nahodha anaipisha meli ambayo haiwezi kusimama ghafla, kisha anapita nyuma yake na kuingia katika mawimbi iliyoyaacha. Hapo mtikisiko ni wa kweli, ila ni wa dakika chache.

Muda mwingi hauliwi na bahari, unaliwa na mipaka. Tulitakiwa kufika gatini saa moja kabla ya kuondoka, na tulihitaji muda wote huo. Batam foleni ilikuwa ndefu zaidi, kwa sababu wageni ambao nchi zao zimo katika orodha ya viza ya kulipia mpakani hupita kwanza dirisha la malipo, ambako viza ya siku 30 hutozwa rupia 500,000, kisha hurudi nyuma ya foleni ya pasipoti. Raia wa nchi jirani za Kusini-Mashariki mwa Asia hawalipi, hivyo walituacha mbali. Pasipoti nayo iwe na miezi 6 au zaidi kabla ya kuisha muda wake.

Lawama yangu kwa kampuni ya boti ni moja, nayo si ndogo. Tiketi yetu ya kurudi haikuwa na saa, na karani aliyetuuzia hakutueleza kwamba tulipaswa kwenda dirishani Batam mara tu tulipofika ili tuandikiwe nafasi. Tulipokwenda alasiri, siku ya Jumapili, boti ya saa kumi ilikuwa imejaa, na iliyofuata pia. Tulikaa gatini mpaka saa kumi na mbili jioni pamoja na familia yenye watoto wachanga waliokuwa wamechoka kabisa. Sentensi moja tu ya karani asubuhi ingetuondolea adha hiyo, na ninaamini kampuni inayowajali abiria wake pale kwenye daraja la kupandia inaweza kuwajali vilevile pale dirishani.

Tulivuka gizani. Katika njia zile mbili tuliona chombo kingine cha abiria kikiwa kimewasha taa tatu za kijani zilizopangwa wima, ambazo ndizo ishara ya usiku ya chombo kinachokata njia za meli, na baharia mmoja alituonyesha kwamba boti yetu nayo ilikuwa imeziwasha. Tuliwasili karibu saa mbili usiku kwa saa za Singapuri.

Kilichobaki ni forodha. Aliyekuwa nje ya Singapuri kwa muda usiofika saa 48 husamehewa kodi ya bidhaa na huduma kwa vitu vya thamani ya dola 100 za Singapuri tu, hali aliyekaa saa 48 au zaidi husamehewa hadi dola 500, na pombe bila ushuru pia ni ya huyo wa pili peke yake. Sigara hazina msamaha wowote, hata pakiti moja iliyofunguliwa, na kijana aliyekuwa mbele yetu aliitaja yake mwenyewe kwa afisa, akalipa ushuru na kuruhusiwa kupita bila maneno.