Sanamu ya pwani: karatasi ya katani au kioo cha chupa?

Kwa kazi ya ndani, hata Mikindani, mji wa pwani huko Mtwara, chagua katani. Kata nyuzi sentimita 2, chemsha saa 3 kwa magadi soda gramu 200 kwa kila kilo ya nyuzi kavu, suuza hadi maji yatoke maangavu, kisha twanga. Magadi yakibaki, karatasi huwa njano na kukatika. Sufuria ya alumini italiwa. Tumia chuma cha pua. Mvua zikianza, jihadhari na kuvu.

Kioo hakijali mvua wala chumvi. Kasheshe ni tanuri. Chupa huungana karibu nyuzijoto 800, kisha hupozwa taratibu, zikitulizwa kwenye 540 hivi. Ukichanganya chupa zisizosinyaa sawa, hupasuka, pengine siku kadhaa baadaye. Ukiwa na mkaa tu, sahau kuyeyusha: kata kioo kikiwa baridi, saga kingo kwa maji.