Fensi ya paneli za zege au ya matofali?

Jamani mi nimejenga zote mbili huku Wakiso, Uganda. Paneli (vibao vya zege vinavyokuja vimeshatengenezwa) unachimba mashimo ya nguzo tu, unasimamisha nguzo, unatelezesha paneli kwenye mfereji wa nguzo moja juu ya nyingine, siku chache fensi imeisha na plasta huhitaji. Ila nguzo ikiinama hata kidogo paneli haiingii, vijana wanaanza kugonga kona inamegeka, mi nilipoteza mbili hivyo hivyo (na lori lilishaondoka!). Matofali ya kuchoma yapo kila kona na fundi yeyote anayajua, lakini msingi, kumwagilia maji, plasta, wiki zinakatika. Fensi nachukua paneli. Nyumba? Matofali bwana, kesho ukitaka dirisha jingine unatoboa tu.