Dawa ya kutu imekula bluu ya bunduki yangu, tuijaribu mbele ya kamera

Haya, karibuni tena jamani. Kabla sijasema lolote, tazameni hapa. Bolti, ile komeo ya bunduki, iko mezani, chemba ya risasi tupu, naingiza kidole hiki, hakuna kitu. Risasi ziko chumba kingine, zimefungiwa. Hilo limekwisha. Sasa tugombane.

Mpwa wangu, sogeza kamera hapa juu ya chemba. Sogea. Sogea bwana, haikuumi. Hapo hapo. Mnaliona hilo baka linalong'aa kama kijiko cha harusi? Wiki tatu zilizopita hapo palikuwa peusi tii. Kulikuwa na vidoa vitatu tu vya kutu, kila kimoja punje ya mtama. Nikasema nivisafishe. Vidoa vimetoka, na rangi yote ya jirani imeondoka navyo.

Kosa la kwanza ni langu, nalimeza. Novemba, msimu wa kulungu hapa Texas umefunguliwa, nikanyeshewa, nikairudisha bunduki ndani ya lile begi lenye sponji, nikaisahau wiki nzima. Sponji inakunywa maji halafu inakaa nayo. Na Houston hii wenzangu wa Dar mngejisikia nyumbani, shati linalowa kabla hujafika kwenye gari. Kwa hiyo kutu nilijiletea mwenyewe. Lakini baka hili sijajiletea. Baka hili limeletwa na huyu.

Chupa hii. Jina nimelifunika kwa plasta, sitaki barua za mawakili. Dola 14. Mbele imeandikwa inaondoa kutu na ni salama kwa chuma. Sawa, chuma kipo. Bluu, ile nyeusi ya bunduki, ndiyo haipo! Nyuma kabisa, maandishi ya ukubwa wa chawa, wanasema huenda ikabadilisha baadhi ya rangi za chuma. Huenda!

Sikilizeni, hapa ndipo watu wengi tunapoliwa. Hii rangi mafundi wanaiita bluu, ingawa kwa macho ni nyeusi. Siyo rangi ya kupaka. Bluu ni kutu. Ndiyo, umesikia vizuri, ni kutu. Kiwandani wanachukua chuma kilichong'arishwa, wanakitumbukiza kwenye magadi makali yaliyochanganywa na chumvi za naitreti, moto unapita nyuzi 130, na uso wa chuma unageuka oksaidi nyeusi, yaani chuma kilichoungana na oksijeni. Kutu nyekundu ni oksaidi ya chuma, bluu nayo ni oksaidi ya chuma. Ni mtu na binamu yake. Sasa ukinunua dawa ya kuua kutu, unadhani itaomba kitambulisho? Inaua ukoo mzima. Na ukoo wenyewe ni mwembamba, haufiki mikroni 3. Unywele wako mmoja ni mnene kuliko huo mara ishirini na zaidi.

Msiniamini mimi, amini macho. Hiki ni kibamba cha chini cha magazini, kile kifuniko cha mahali risasi zinapokaa, mtumba, nimekinunua kwenye maonyesho ya bunduki kwa dola chache nije nikiharibu mbele yenu. Naweka matone manne. La kwanza, mafuta ya bunduki ya kawaida. La pili, dawa ya kutolea shaba inayoachwa na risasi ndani ya mtutu, ile yenye amonia. Ukiinusa machozi yanatoka. La tatu, siki nyeupe ya jikoni. La nne, mheshimiwa wa plasta. Mpwa, anza saa.

Tukisubiri, tangazo. Ile video ya miwani ya shabaha inatoka Ijumaa, siyo Jumatano. Maikrofoni ilikufa nikarudia kila kitu. Na aliyeuliza kwa nini sionyeshi uwindaji Kenya, ndugu yangu, Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977. Tanzania unaruhusiwa kwa kibali, na nikipata nauli na kibali nitawaonyesha...

Ngapi? Sekunde 40? Angalieni tone la nne! Limegeuka rangi ya chai. Nalifuta kwa pamba, taratibu, sikandamizi. Ehe. Kijiko cha harusi! Sekunde arobaini, jamani, na mimi siku ile niliiacha robo saa nikaenda kula.

Siki bado, lakini siki ni mvivu tu, siyo mwema. Tuipe dakika kumi. Mafuta, hakuna kitu. Amonia nayo, kwenye chuma hiki, hakuna kitu. Ila wenye bunduki za kung'aa zilizopakwa nikeli msishangilie, chini ya nikeli mara nyingi kuna utando wa shaba, na amonia ikipata ufa inapenya, inakula shaba, nikeli inabanduka kama ganda la kitunguu.

Na kuna wale wanaosema wao wananunua dawa isiyo na asidi kabisa. Nimeijaribu pia, video ya zamani. Asidi haina, lakini inang'ang'ania oksaidi, inaibeba. Bluu ikaondoka vilevile, kwa upole tu.

Haya, bluu ya chupa. Hii inauzwa kurekebishia maafa kama yangu, nimelipa dola 9 na kitu. Zamani nilisema humu humu kwamba ni upuuzi. Tuone. Glavu kwanza, dirisha wazi, maana ndani mna selenia na siyo ya kuchezea. Nafuta mafuta yote kwa asetoni. Napasha chuma kidogo kwa draya ya nywele. Napaka kwa pamba... duh. Duh! Inaingia. Nyeusi hiyo. Nasuuza, nakausha, mafuta. Kwa mbali huwezi kujua.

Kwa karibu unajua. Upande huu ni nyeusi ya makaa, upande ule inavuta kijivu. Siyo bluu ile ile, hii inatandaza mchanganyiko wa shaba na selenia juu ya chuma, oksaidi haipo hapo. Kwa hiyo itafutika kwa mkanda na kwa viganja. Na harufu! Nuseni, aa, hamuwezi. Inakaa kwenye vidole mpaka kesho kutwa. Kwa mkwaruzo mdogo naipa saba kwa kumi. Zamani nilisema sifuri, nimebadilisha, nisemeni.

Halafu msiniambie Cerakote. Najua Cerakote. Ni mipako ya kauri, inapulizwa na kuokwa saa mbili kwenye nyuzi kama 120, na siki haiigusi. Lakini kumpa fundi bunduki nzima ni dola mia kadhaa, na bunduki hii yenyewe nilinunua mtumba. Nyie hesabuni.

Na wewe uliyeandika kwamba umesafisha Lee-Enfield namba 4, ile bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, zile Kenya tulizoziita Mark 4, kwa dawa ya kusafishia breki za gari, tambara likatoka jeusi: usilie, hiyo haikuwa bluu. Nyingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilipigwa rangi nyeusi ya kuokwa juu ya fosfeti, utando wa kuzuia kutu. Ni rangi kweli, na vimiminika vikali vinaichuna. Chini yake fosfeti ya kijivu ipo salama. Ndiyo maana jaribuni kwanza sehemu inayofichwa na mbao, tone moja tu.

Sasa ninachokipenda. Hakiuzwi. Sufuria.

Hiki kibamba cha pili kina kutu nyekundu, nilikilaza nje makusudi. Badala ya kuitoa kutu, naichemsha. Maji yaliyokenekwa, ya bomba yanaacha madoa. Dakika 20 hivi yakiwa yanatokota. Ile nyekundu inageuka oksaidi nyeusi, yaani binamu mbaya anageuka binamu mzuri! Mafundi wa bunduki wa zamani waliipata bluu yao hivyo hivyo, wanaishikisha kutu kidogo kidogo, wanachemsha, wanapiga brashi, wanarudia siku kadhaa.

Kwa vidoa vitatu vya mtama wala usingehitaji hata hiki. Mafuta, na stiliwaya laini kabisa, ile iliyoandikwa sifuri nne, kidole kimoja, basi. Au senti ya Marekani ya kabla ya 1982, hizo ni shaba karibu tupu, shaba ni laini kuliko chuma, inakwangua kutu na kuiacha bluu. Senti moja, na mimi nimetoa dola kumi na nne kununua baka.

Imeiva. Naitoa kwa koleo. Sogea, mvuke unaziba kioo, futa. Mnaona? Nyeusi. Napitisha brashi, vumbi jeusi linatoka, chini kumebaki peusi. Inakauka yenyewe kwa joto lake. Ah, na siki! Tumeisahau siki. Leta. Dakika thelathini na tisa... imekula pia, robo ya duara. Nilisema mvivu.

Hiki nakipaka mafuta sasa hivi kingali cha moto. Zima kamera wewe, mimi mikono imejaa mafuta.