rsync na bekapu ya Linux: je, inatosha?

Hamjambo watazamaji. Leo ni zamu ya rsync, programu ya kunakili faili. Swali ni moja: laptopu yako ya Linux ikifa, itakurudishia mfumo mzima? Ndiyo, itarudisha, mradi diski ya nje uiandae sawasawa.

Diski unayonunua Luthuli Avenue, Nairobi, mara nyingi huja na exFAT, yaani mpangilio wa kuhifadhi faili. Hiyo haihifadhi mwenye faili wala ruhusa zake. Ukirejesha kutoka humo, sudo, amri ya kupata mamlaka ya msimamizi, itagoma, itasema lazima iwe mali ya uid 0, yaani msimamizi (root). Basi itengeneze upya diski hiyo kwa mkfs.ext4, mpangilio wa Linux, na kwa kuwa amri hiyo inafuta kila kitu, hakikisha jina la diski kwa lsblk kabla hujabonyeza Enter.

Amri hii hapa kwenye skrini:

sudo rsync -aAXH --numeric-ids --exclude={"/dev/*","/proc/*","/sys/*","/run/*","/tmp/*","/mnt/*","/media/*"} / /mnt/bekapu/

Hiyo H ni ya faili moja yenye majina mawili. Bila hiyo zinanakiliwa mara mbili na nafasi inaisha. /proc na /sys hazikai kwenye diski, kerneli, yaani kiini cha Linux, huziunda mashine ikiwaka. Kabla ya amri hiyo, anza na findmnt /mnt/bekapu, kuona kama diski ya nje imeunganishwa hapo. Kama diski haijaunganishwa, rsync itaandika ndani ya laptopu yenyewe hadi ijae.

Stima ikipotea katikati, rudia amri ileile. Faili zilizokwisha kunakiliwa itaziruka. Hapa ndipo ninapoipenda kuliko tar, inayofunga faili zote kwenye faili moja, kwa sababu tar ikikatika unaanza upya. Hifadhidata ya MySQL inayofanya kazi usiitegemee kwa nakala hii, itoe kwanza kwa mysqldump.

Sasa kurejesha, na hapa ndipo wengi hukwama. Washa mashine kwa flashi ya Linux, tengeneza sehemu za diski mpya, ziunganishe pamoja na /boot/efi, sehemu ya kuwashia, kisha geuza amri: kutoka bekapu kwenda diski. UUID, yaani vitambulisho vya sehemu za diski, zimebadilika, kwa hiyo zitazame kwa blkid na uzirekebishe kwenye /etc/fstab, orodha ya sehemu za kuunganisha, la sivyo mashine itasimama kwenye hali ya dharura. Malizia kwa mount --bind ya /dev, /proc, /sys na /run, ingia ndani ya mfumo uliorejeshwa kwa chroot, halafu weka programu ya kuwashia kwa grub-install na update-grub kwa Debian na Ubuntu.

Upungufu wake: haina historia. Faili ikiharibika leo, bekapu ya kesho inaifuta ile nakala iliyokuwa salama. Kwa seva ya biashara ningechukua restic, programu nyingine ya bekapu, ambayo huweka nakala za tarehe tofauti na kuzifunga kwa nenosiri. Hilo nenosiri liandike karatasini, ulihifadhi mbali na mashine. Likipotea, hakuna njia ya kufungua.