Ramani ya Ukutani ya Mikoa ya Tanzania: Inafaa Darasani, Ila Songwe Irekebishwe

Kwa muhula mzima nimefundishia ramani mpya ya ukutani inayoonyesha mikoa 31 ya Tanzania, yaani 26 ya Bara na 5 ya Zanzibar, pamoja na makao makuu ya kila mkoa, na tathmini hii nawaandikia walimu na wazazi wanaofikiria kuinunua. Karatasi yake ni nzito, haichaniki ovyo, na maandishi yanasomeka hata kutoka dawati la nyuma.

Ubora wake mkubwa ni namna inavyoshughulikia mikoa ambayo jina lake si jina la makao makuu yake. Tabora, Morogoro au Kigoma hazimsumbui mwanafunzi yeyote, lakini akiulizwa makao makuu ya Ruvuma husita kabla ya kutaja Songea, na akifika Rukwa na Katavi huchanganyikiwa kabisa, Sumbawanga akaipeleka Katavi na Mpanda akairudisha Rukwa. Kosa hilo la mwisho lina asili yake, kwa kuwa Mpanda ilikuwa kweli ndani ya Rukwa mpaka Katavi ilipoanzishwa mwaka 2012. Ramani hii imechora mito kwa buluu iliyokolea, hivyo mwanafunzi anajionea kwamba Mara, Kagera, Simiyu na Ruvuma ni majina ya mito, ilhali Musoma, Bukoba, Bariadi na Songea ni miji. Wanafunzi wangu walipoligundua hilo wenyewe, majibu yao yalibadilika ndani ya wiki chache.

Kilichonifurahisha zaidi ni rangi. Mkoa uliomegwa umepewa rangi inayokaribiana na ile ya mkoa mama, kama Njombe na Iringa, Simiyu na Shinyanga, au Manyara, ambayo makao makuu yake ni Babati, na Arusha. Geita, iliyotokana na maeneo ya Mwanza, Shinyanga na Kagera, ina michirizi ya rangi zote tatu. Kwa hiyo babu anayesema kwao Bukombe ni Shinyanga, na mjukuu aliyefundishwa kwamba Bukombe ni Geita, wote wawili wanajiona ukutani, wala hakuna aliyekosea.

Kasoro zipo, na moja ni nzito. Alama ya makao makuu ya Songwe, mkoa ulioanzishwa mwaka 2016, imewekwa Tunduma badala ya Vwawa. Tunduma inajulikana zaidi kwa sababu ya mpaka na Zambia, lakini umaarufu wa mji haufanyi uwe makao makuu, na mwanafunzi atakayeiamini ramani hii atakosa alama kwenye mtihani bila hatia yake. Kasoro nyingine ni kwamba Unguja na Pemba zimefungiwa kwenye kisanduku pembeni, kwa kipimo tofauti kisichotajwa popote, na jina la Wete, makao makuu ya Kaskazini Pemba, limeandikwa kwa herufi ndogo kuliko ya mji mwingine wowote. Mikoa mitano kamili ilistahili nafasi zaidi ya hiyo.

Nimemwandikia mchapishaji kuhusu Songwe. Kwa sasa nimebandika kikaratasi cheupe juu ya ile alama na kuandika Vwawa kwa kalamu nyeusi, na yeyote atakayenunua chapa hii namshauri afanye hivyo kabla hajaitundika.