Beta ya kubana sauti iliyoikata harusi ya Urambo katikati

Mwezi uliopita nilimpigia simu mtani wangu wa Kasulu, ambaye naye anahamisha kanda za zamani kule Kigoma, nia yangu ikiwa kumringia tu. Nilimwambia nimepata programu mpya inayobana sauti hadi theluthi ya ukubwa wake, na haipotezi hata chembe. Rekodi ya harusi ya Urambo, muda wa saa nne, ilikuwa gigabaiti 4.15, sasa ni 1.33. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mnyamwezi wee, sikiliza mwisho wake kwanza, ndipo uje kunitambia."

Sikuusikiliza siku ile. Nilikuwa nimeshapanda mbegu ya majivuno, na simu nyingine mbili za kuringia zilikuwa zinangoja.

Nina kibanda Isevya, hapa Tabora mjini. Kazi yangu ni kurekodi kwaya, madrasa na harusi, na siku ambazo hakuna shughuli nahamisha kanda za kaseti kwenda kwenye kompyuta. Huu ni mji uliokuwa na bendi za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz na Kiko Kids, kwa hiyo kabati la mzee yeyote ukilifungua hukosi kanda. Nyingi si za muziki wa dansi, lakini. Ni sauti ya marehemu baba akitoa wosia, ni ngoma ya jando, ni bibi anasalimia watoto walioko Dar. Zikiharibika hakuna duka linaloziuza.

Ndiyo maana sihifadhi kwa MP3. MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa vile inavyoona sikio halitavigundua, na kilichotupwa hakirudi. Mimi nahifadhi kwa WAV, sauti nzima isiyobanwa: sampuli, yaani vipimo vya sauti, 48,000 kwa sekunde, kila kimoja biti 24, chaneli mbili. Upande mmoja wa kanda ya C60, ile ya dakika sitini, unakula megabaiti 518. Kanda 410 nilizokwisha kuhamisha zimekula kama gigabaiti 430, na diski yangu ni ya 500. Mwezi wa nne ikaanza kulalamika.

Hapo ndipo kijana mmoja anayesomea kompyuta, mtoto wa jirani, aliponiletea hiyo programu, nayo ni beta, kwenye flashi. Jina la programu sitalitaja. Walioitoa wenyewe wameandika kwa herufi kubwa kwamba ni ya majaribio, na baada ya yaliyonipata naona si haki kuibandika jina baya kabla haijamaliza kukua. Ni ya bure, ni ndogo, haina vitufe. Unafungua lile dirisha jeusi na kuandika amri. Ahadi yake ni kubana kuliko FLAC, ile programu ya bure iliyozoeleka ya kubana sauti bila kupoteza kitu, na ukiibanua upate faili lile lile, biti kwa biti.

Kwa asiyejua mambo haya yanavyokwenda, mfikirie karani wa mizani pale wanaponunua mpunga. Magunia yote yana karibu kilo mia. Karani mvivu mwenye akili haandiki 101, 99, 102, 100. Anaandika mara moja juu ya karatasi "mia", halafu chini yake 1, kasoro 1, 2, 0. Namba ndogo zinakaa nafasi ndogo, na ukitaka uzito halisi unajumlisha, hupotezi gramu. Programu hizi zinafanya hivyo hivyo: zinakisia sampuli inayofuata kwa kuangalia zilizotangulia, kisha zinaandika kosa la makisio tu. FLAC huyaandika makosa hayo kwa njia inayoitwa ya Rice. Beta hii inakisia kwa bidii zaidi, inajifunza njiani na kujirekebisha kila sampuli, na bidii hiyo ndiyo unayoilipia kwa muda.

Nilianza na upande mmoja wa C60, mzee anasimulia safari ya treni ya kwenda Mpanda. Megabaiti 518 kwa FLAC kiwango cha 8, cha mwisho wake, zikawa 329. Kwa beta, kiwango cha juu kabisa, zikawa 320. Tofauti ni megabaiti 9. FLAC ilitumia sekunde ishirini hivi, beta dakika saba. Nikatoka nikanywa chai, nikarudi, bado inahesabu.

Ukizidisha kwa kanda zangu zote, beta ingeniokolea gigabaiti 7 kuliko FLAC, na ingetaka dakika 5,740, yaani karibu siku nne usiku na mchana, kwa mji ambao umeme una ratiba zake wenyewe. Tena kuna jambo ambalo halisemwi mpaka uligundue: programu za aina hii hubanua kwa mwendo ule ule zinaobania. Mteja akija anataka kusikia sauti ya baba yake, prosesa inahema. FLAC haiko hivyo. Kubana inaweza kuchukua muda ukipandisha kiwango, lakini kusoma ni kwepesi sikuzote, ndiyo maana hata simu ya bei ndogo inaimudu. Android inasoma FLAC tangu toleo la 3.1, na iPhone tangu iOS 11 ya 2017. Faili la beta halisomwi na kitu chochote ila beta yenyewe.

Rekodi ya ngoma yenye manyanga ilinifundisha zaidi. Nilidhani muziki wenye mdundo unaojirudia utabanika vizuri. Wapi! Manyanga ni mvumo, na mvumo haukisiki, kila sampuli ni mgeni. Zote mbili zilishindwa, beta ikaishinda FLAC kwa kiasi ambacho hata sikukiandika. Na ule mshindo wa "shhh" wa kaseti ni ndugu yake manyanga. Wenye sauti za mono zilizorekodiwa kwenye deki ya stirio nao wasifurahi mapema: ungedhani kushoto na kulia ni kitu kimoja na nusu nzima itaondoka, kumbe kila upande una mshindo wake, haufanani na wa mwenzake.

Hapo ndipo nilipojicheka. Kaseti ya kawaida, mshindo wake uko juu sana. Biti 16 zinatosha kubeba kila kilichomo na kubaki. Zile biti 8 za ziada nilizokuwa najivunia zilikuwa zinaniandikia mshindo tu, kwa uaminifu mkubwa. Nikauchukua ule upande wa mzee wa treni, nikaufanya biti 16, nikaupitisha kwenye FLAC. Megabaiti 160. Kutoka 518! Hakuna beta duniani ingenipa hiyo. Kwa rekodi ninazofanya mwenyewe kwa maikrofoni nimebaki na 24, maana huko kimya ni kimya kweli. Kwa kaseti za mazungumzo nimeshuka, na anayetaka kunishtaki aje na masikio yake.

Sasa turudi Urambo.

Harusi ile niliirekodi moja kwa moja kutoka kwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, kuingia kwenye laptopu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Faili moja refu. Beta iliibana, ikaandika kwamba imemaliza na kila kitu ni sawa, asilimia 32. Vingine vingi vilikuwa vinatoka asilimia 62 au 63, na mimi, badala ya kushtuka, nikashika simu. Kesho yake nikafuata ushauri wa mtani. Nikabanua faili, nikalifungua, nikaenda mwisho. Muziki unakatika katikati ya wimbo, saa mbili na dakika nne tangu mwanzo. Bwana na bibi harusi hawajakata hata keki.

Sababu nilikuja kuielewa baadaye. Saa mbili, dakika 4 na sekunde 16 kwa kiwango changu ni baiti 2,147,483,648, wala si nambari ya bahati nasibu. Ni 2 mara 2 mara 2, hadi hizo mbili zifike thelathini na moja. Programu inayohesabu urefu wa faili kwa namba ya biti 32, biti moja ikiwa imetengwa kwa alama ya kasoro, inafika hapo na kugota. Ng'ambo ya hapo haioni kitu. WAV yenyewe ina ukuta wake, kwa sababu hiyo hiyo, ila wake uko mara mbili ya hapo, kwenye gigabaiti 4 na ushei, na faili langu lilikuwa chini yake. Kwa hiyo WAV ilikuwa nzima. Msomaji ndiye aliyekuwa kipofu wa nusu.

Na ile "kila kitu ni sawa"? Haikuwa uongo. Beta ilipiga hesabu ya uhakiki ya kile ilichokisoma, na kilichosomwa kilikuwa sawa. Ni kama mtu uliyemtuma na madebe manne ya asali, akafikisha mawili, halafu anakuapia kwamba hayo mawili hayajamwagika. Kweli hayajamwagika!

Kilichoniokoa ni mama watoto. Usiku ule nilitaka kufuta WAV nipate nafasi, naye akaniambia usiache mbachao kwa msala upitao, ngoja hata wiki moja ipite. Nilinuna. WAV ikabaki.

Nilimwandikia mtengenezaji kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikamwekea ukubwa wa faili kwa baiti na mahali sauti inapokatika. Kwa hili nampa maua yake: alijibu usiku ule ule, akaniuliza swali moja tu, na siku ya tatu toleo jipya likatoka. Nikalijaribu kwa harusi ile ile. Gigabaiti 2.57, saa nne zote zimo, keki imekatwa, wazee wamenena. Nikailinganisha na WAV baiti kwa baiti, haikupungua hata moja. Lakini katika maelezo ya toleo hilo kulikuwa na mstari mmoja chini kabisa: mpangilio wa faili unaweza kubadilika kabla ya toleo kamili, na faili za beta hazina dhamana ya kufunguka baadaye. Ni haki yake kusema hivyo, beta ndivyo zilivyo. Ila mimi mali niliyonayo ni wosia wa watu.

Kazi yote sasa naifanya kwa FLAC 1.5.0, iliyotoka Februari 2025. Jipya lake kubwa ni kwamba inaweza kugawa kazi ya kubana faili moja kwa viini kadhaa vya prosesa, ukiiandikia -j na idadi. Laptopu yangu ina viini vinne. Ule upande wa C60 uliochukua sekunde ishirini sasa unachukua saba hivi. Nilihesabu nikacheka: kanda zangu zote ni sekunde 5,740, pale beta ilipotaka dakika 5,740. Haijiwashi yenyewe lakini, usipoiandikia -j inaenda kwa kiini kimoja kama zamani, na wengi watasema hawaoni tofauti. Ninaongeza pia -V, inayoifanya ibanue wakati huo huo inapobana na kulinganisha na asili, na kabla ya kufuta WAV napitisha tena -t. Faili la FLAC lina alama ya MD5 ya sauti asilia ndani yake, namba inayokokotolewa kutokana na sauti yenyewe, kwa hiyo hata miaka kumi ijayo mtu anaweza kuuliza kama bado ni nzima na akajibiwa. Na urefu wa saa nautazama kwa macho yangu. Hilo hakuna alama inayonifanyia.

Josh Coalson aliianza FLAC mwaka 2000, toleo la 1.0 likatoka 2001, na tangu 2003 iko chini ya Xiph.Org, shirika lisilo la faida. Desemba 2024 kanuni zake zilichapishwa wazi kama RFC 9639, waraka wa umma wa viwango vya intaneti, maana yake hata programu yenyewe ikitoweka, fundi yeyote anaweza kukaa chini na kuandika nyingine ya kusoma faili zangu. Zipo nyingine nzuri, WavPack ya David Bryant, Monkey's Audio ya Matt Ashland, na ukitaka kubana hadi tone la mwisho kuna OptimFROG. Sina ugomvi nazo. Lakini mjukuu wa mzee wa treni atakuwa na simu tu.

Beta sijaifuta. Kwa mwenye kompyuta yenye nguvu, mwenye nakala nyingine pembeni, na anayependa kuona namba zinashuka, ni mchezo mtamu, na mtengenezaji wake anasikia. Ningempa nyota tatu, moja ikiwa ya yale majibu ya usiku.

Juzi kijana wa jirani kaleta toleo la nne kwenye flashi, anasema sasa linatumia viini vyote. Liko mezani. Mtani wa Kasulu ameshapiga mara mbili kuuliza harusi ya leo inaishia saa ngapi.